Mikono ya Bibi Bhoke

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Daktari Mkuu wa mradi wa utafiti alinikabidhi kalamu, fomu na vichupa vya kukusanyia mate. Ilikuwa Kewanja, kwetu Wakurya, wakati dhahabu ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila upande. Ndani ya mate, alinieleza, mna vinasaba, yaani maagizo ya mwili ambayo mtu hurithi kwa wazazi wake.

"Tunauliza kama vinasaba vinavyomfanya mtu ashindwe kuacha tumbaku vinahusiana na vile vinavyochakaza ubongo. Bado hatujui. Wewe andika tu nani kazaliwa na nani."

Vitabu alivyoniazima nilivisoma kwa mshangao. Hamu ya sigara na mtetemo wa mkono, huenda vimeshonwa kwa uzi mmoja usioonekana.

Mwezi wa tatu tulifika kwa Bibi Bhoke. Alinusa ugoro tangu ujana, na mikono yake ilitetemeka hata alipoilaza mapajani. Ubongo wake ulikuwa ukichakaa. Mjukuu wake Chacha, mchomaji dhahabu, alivuta sigara mfululizo, na vidole vyake navyo vilikuwa vimeanza kutetemeka. Nilichora mstari kutoka kwa bibi hadi mjukuu, nikaona nimeushika ushahidi wenyewe.

Chacha aliutazama mstari ule. "Kumbe mtetemo huu ni wa ukoo. Basi sioi. Nizae watoto waje kutetemeka?"

Daktari, mtu wa pwani, akamgeukia bibi. "Baba yake Chacha ni mtoto wako wa ngapi?"

"Wa ngapi? Mimi sikuzaa, mwanangu. Nilioa." Akaniangalia. "Na wewe, Mkurya mzima, hukumwambia mgeni?"

Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mke, na watoto wa mke huyo huwa wa nyumba yake. Ng'ombe wa Bhoke walitoka, basi Chacha ni mjukuu wake. Si mimi si Chacha aliyewahi kuwaza zaidi ya hapo. Lakini vinasaba havihesabu ng'ombe.

"Dhahabu unaichomaje?" Daktari akamuuliza Chacha.

"Naikamata kwa zebaki, halafu naichoma kwenye kikaango mpaka zebaki iishe."

"Haiishi. Unauvuta mvuke wake, nao ndio unaotetemesha vidole."

Mkojo wake ulipopimwa, zebaki ilikutwa nyingi. Akaacha kuchoma. Mwaka uliofuata, siku ya harusi yake, nilimwona akifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Swali la Daktari halijapata jibu kamili, na bado linanishangaza. Kinachonishangaza zaidi ni mikono ile ya watu wawili wa nyumba moja, iliyotetemeka vilevile kwa sababu mbili tofauti, na kalamu yangu ikaiunganisha.

Kwa vichupa na fomu za nyumba ile nilizoharibu kwa mstari wangu, mhasibu wa mradi alinikata mshahara shilingi elfu arobaini.