Siku Maktaba Ilipong'aa

Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa. Jamani, watu wanaweza kukuua kwa heshima!

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi ndiyo iliyonipeleka Mbinga kuwa mkutubi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wanatafuta maghala kila kona. Mmoja alikuwa analimezea mate jengo la maktaba yetu, na wakubwa wa wilaya walishaniambia wazi: asipopatikana mfadhili, tunampangisha. Kwa hiyo niliposikia kuwa mwenyekiti mpya wa chama cha kimataifa cha maktaba atapita kwetu akielekea Lituhi, kule ziwani, anauliza huku na huku uongozi wake uanze na lipi, nilimtangazia kila msomaji: "Jumatano tuna mgeni mkubwa. Akitupenda, atatutafutia mfadhili, tumepona!"

Wasomaji nilikuwa nao, tena wakorofi. Kahawa ikishauzwa walijaa hadi mlangoni, matope miguuni, wanagombea gazeti. Vitabu vilirudi vinanuka moshi wa jikoni. Nilikuwa nawafokea kila siku.

Jumanne walirudisha vitabu vyote, vimefutwa na kupigwa majalada mapya. Kina mama wakasugua sakafu na madirisha. Nikafurahi kama mjinga.

Jumatano maktaba inang'aa. Watu? Hata mmoja!

Mgeni akaingia. Akatazama viti vitupu, akachukua kitabu, akakirudisha polepole. Akasema kwa upole kwamba yeye kipaumbele chake cha kwanza ni wasomaji. Majengo mazuri yasiyo na watu ameshayaona mengi.

"Wapo!" nikamwambia. "Wallahi wapo! Nisubiri kidogo nikawaite."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayekataa kuwa amelamba sukari. Mvua ilishatanda milimani, na dereva wake alikuwa anaihofia barabara ya kushukia ziwani. Wakaondoka.

Gari halijamaliza hata kona, kundi zima likatokea nyuma ya soko. Mbele yao mama mmoja mkulima wa kahawa, msomaji wangu kuliko wote.

"Mama, mlikuwa wapi?" nikapiga kelele, hata shikamoo nikaisahau.

"Si tulijificha, mwanangu!" akasema, uso umemkunjuka. "Kwetu mgeni mkubwa akija, watoto tunawapeleka kwa jirani wasije wakatuaibisha. Na sisi na matope yetu haya, tungekuharibia."

Nikakaa pale pale kizingitini, mdomo wazi. Nilitaka kuwatukana, nilitaka kulia, nikashindwa vyote.

"Haya tuambie," akasema. "Mgeni amesemaje?"

"Amesema pazuri."

Wakapiga vigelegele! Kisha mama akanyoosha mkono, akaomba kitabu chake; alikuwa amebakiza kurasa chache tu.

Nikampa, nikamwambia abaki nacho.