Maelfu Wauone Mkono Wangu, Wajomba Zake Wasiuone

Admin, usinitaje. Mombasa ni kubwa kwenye ramani tu, huku Kisauni twajuana hadi nani kapika nini. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, naishi Bombolulu na nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi. Nilizaliwa na mkono wa kushoto uliosinyaa. Vidole havinyooki vizuri na havina nguvu, kwa hiyo nachapa kwa mkono wa kulia, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Jumamosi ijayo naposwa, na badala ya kufurahi nawaandikia haya.

Mchumba wangu nitamwita Kazungu, si jina lake. Ana ukurasa wa vidio ambako hujaribu vifaa vya kompyuta na kuwaambia watu kama vinafaa kununuliwa. Ndiye mwanamume wa kwanza kunishika mkono huu wa kushoto barabarani, mchana kweupe, bila kuangalia nani anatuona. Nilimpa moyo wangu wote siku hiyo hiyo, sitawaficha.

Mwezi uliopita duka moja la mjini lilimwazima kibodi ya gemu, ya bei ya kutisha, aifanyie tathmini. Akaniletea mimi. "Wewe ndiye wazijua kibodi," akaniambia. "Icheze, kisha nambie ukweli, mzuri na mbaya." Kwa msiozijua, kibodi za kawaida hazina katikati: kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa. Hii, swichi zilizo chini ya vitufe vyake huhisi umebonyeza kwa kina gani. Kwenye gemu ya magari, ukigusa kidogo gari linakata kona kidogo, ukizamisha kidole linakata yote. Na unaweza kuipangia iitikie hata mguso mwepesi kabisa. Vitufe vya kuendeshea viko upande wa kushoto, na kwenye kibodi nyingine vidole vyangu huchoka kabla gari halijamaliza mzunguko. Kwa hii niliendesha mpaka mwisho. Nilimshinda Kazungu, nikamshinda tena, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Jamani, mkono huu haujawahi kunishindia kitu maishani.

Lakini niliulizwa ukweli, na mimi sijui kusifu kitu nusu nusu. Nikarekodi maoni kwa sauti yangu. Nikasema inamfaa sana mwenye vidole dhaifu. Nikasema pia kwamba ukiipangia wepesi kupita kiasi, kidole kikipumzika tu inajiandikia herufi yenyewe. Programu yake ya mipangilio yataka subira ya Ayubu. Gemu nyingine haziielewi kabisa. Na anayechapa barua kama mimi asijisumbue, bei ile si yake. Kazungu akaipiga picha za vidio mikono yangu ikicheza. Nilikubali, kwa kuwa niliamini mkono utaonekana ukifanya kazi huku sauti yangu ikieleza.

Vidio ilipotoka, sauti yangu haimo. Umo mkono wa kushoto tu, umevutwa karibu mpaka vidole vilivyopinda vinajaza skrini, na sauti ya Kazungu inasema, "Kama mkono kama huu unaweza, wewe una kisingizio gani?" Kasoro zote nilizozitaja kazikata. Maelfu wakatazama. Wengine wakaweka vikatuni vya kulia, wengine wakaniombea nisamehewe, utadhani nimeiba sadaka.

"Mbona wakasirika?" akaniuliza nilipomkabili. "Watu wakupenda. Soma maoni uone."

"Wanihurumia, Kazungu. Kupendwa nakujua, hakuko hivyo."

"Basi yaishe, mpenzi. Vidio hii imetufungulia mlango."

Ukipenda, chongo huita kengeza. Nikaiita dharau ile kosa dogo, nikayaacha yaishe. Kibodi duka likamwachia iwe yake.

Jana Kazungu alikuja kwetu na mamake. Nikamwamkia yule mama shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi leso mpya ya kujitanda. "Mwanangu, siku ya posa ujitande vyema, huo mkono usitokeze. Wajomba zake Kazungu wana maneno. Watasema twaingiza mkosi nyumbani."

Sisi Wagiriama, posa ikija huja na kibuyu cha mnazi, pombe ile ya kugema. Hakionjwi mpaka binti aitwe mbele ya watu, babake amuulize kama wanywe. Akiitikia, ndiyo amekubali kuolewa; humimina kikombe cha kwanza na kumpa babake kwa mikono miwili. Baba yangu ni mzee wa kanisa na mnazi hataonja, ila swali hataliacha, na kikombe atakipokea. Nikamuuliza yule mama nitampaje baba kikombe na mkono mmoja umefunikwa.

"Utampa kwa wa kulia tu," akasema.

Kumpa baba yangu kwa mkono mmoja! Baba ambaye tangu utotoni hakuniruhusu hata kuuficha mkono huu nyuma ya gauni. Nikamgeukia Kazungu, aliyekuwa ameketi pale pale na simu yake, nikingoja aseme neno.

"Msikize mama," akasema. "Ni siku moja tu. Wale ni watu wazima, wataka heshima."

Niliumia, nasema kweli. Watu nisiowajua wauone mkono wangu kwa sababu wanampa sifa. Wajomba zake wasiuone kwa sababu unampa aibu. Na vidio bado iko pale, nimeiangalia hata asubuhi hii.

Mtaniambia niachane naye, najua ni rahisi kusema. Mama ameshaalika majirani, wale wale waliokuwa wakimwambia mwanawe atazeekea nyumbani. Na mjinga mimi bado nampenda. Bado nakumbuka alivyonishika barabarani, na sasa sijui kama alinishika mimi au alikuwa anaonyesha watu.

Leso iko kitandani, sijaikunjua. Jumamosi baba ataniita mbele yao wote, ataniuliza, "Mwanangu, mnazi huu tuunywe?" Ndugu zangu mnaosoma, nimjibu nini baba yangu?