Marehemu Amepata Saba kwa Kumi

Leo asubuhi mwanafunzi tuliyemzika amefanya zoezi la Baiolojia.

Sitanii.

Lile jukwaa letu la masomo mtandaoni huniletea taarifa: nani amefungua somo, amepata ngapi. Si mnakumbuka nilivyolisifia hapa?

Leo limeniandikia: "Devota amepata saba kwa kumi. Mpongeze!"

Devota amelala kaburini, kijijini kwao Maguu, tangu mwezi uliopita.

Nikafungua alama zake za baada ya mazishi. Mbili. Tatu. Mbili tena. Tano. Saba.

Marehemu anaendelea vizuri!

Nikawaka. Nani anachezea jina la mtoto wa watu? Nikachukua bodaboda hadi kwao, nimejiandaa kugomba.

Nikamkuta mama yake ameketi kando ya kahawa iliyoanikwa. Simu ya Devota mapajani, daftari lake wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kumfuta jina?"

Nikaketi kando yake. Akaendelea:

"Alikuwa analima ngolo kule shambani mlimani, mashimo ya kupandia akayaacha nusu. Tukammalizia, mtu asiondoke na kazi mkononi. Na haya mazoezi je? Mimi niliishia la saba, ndiyo maana nakosakosa."

Nikaitazama simu: limebaki zoezi moja tu.

"Likiisha hilo, mwalimu, ndipo atakuwa amekwenda kweli."

Nimerudi nyumbani. Kwenye simu kuna kile kitufe cha walimu nilichokisifia kuliko vyote: Ongeza zoezi.

Kidole kiko juu yake tangu mchana.

Jamani, mngekuwa ninyi, mngebonyeza?