Viatu vya Kukulia

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa hapa Bunda ni sare za shule. Mtoto akiletwa kupimwa, sipimi mwili aliokuja nao siku hiyo. Napima atakavyokuwa mwakani na mwaka unaofuata. Naacha pindo la vidole vinne kwenye sketi, naacha nafasi ubavuni, na mzazi anaondoka akishukuru. Nguo ya mtoto ni ya kukulia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa mimi mwenyewe, sikuwahi kuvaa kitu kilichonienea siku ya kwanza.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipoanza kumaliza viatu upande mmoja. Kila jozi ilikuwa inalika upande wa ndani mpaka kisigino kinalala, huku upande wa nje ungali mpya. Niligomba. Mimi ni mtu wa kugomba, sifichi. "Inua miguu! Unaburuza kama mlevi!" Mara mbili nilimchapa miguuni kwa rula ile ya mbao ninayokatia nguo. Jioni akisema miguu inamuuma, nilimwambia anatafuta kubebwa.

Likizo moja tulikwenda Butiama kwa mama mkwe wangu. Kutoka barabarani hadi kwake ni mwendo wa kama nusu saa, njia ya mawe mawe kati ya mashamba ya mihogo. Hatujafika hata nusu, mtoto akakaa chini. Nilimwambia asimame, hakusimama. "Haya, kaa hapo hapo, mimi naenda," nikasema, na nikaenda kweli. Nilipita kona nikajificha nyuma ya jiwe kubwa, nikamsikia analia, kisha anakuja mbio, anajikwaa, anaita. Aliponifikia nilimshika mkono tukaendelea na safari, na moyoni nilijiona mama hodari.

Asubuhi yake bibi yake alimwogesha uani, akamwacha apite sebuleni miguu ikiwa na maji. Nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni anatazama sakafu ya saruji. Alama ya mguu wangu au wake ingepinda katikati, pale unyayo usipogusa chini. Za mtoto zilikuwa zimejaa pande zote kama chapati.

"Hii miguu naijua," alisema. "Baba mkwe wako alikuwaga nayo hivi hivi. Akitoka kuchunga ng'ombe anakaa anajisugua na mafuta, na wenzake wanamchekaga eti mvivu." Akanigeukia. "Mkamwana, huyu mtoto unamchapaga?"

Bila shaka alikuwa ameshaambiwa na mtoto.

"Mpeleke hospitali," akasema, akachukua tambara akapiga deki.

Tulikwenda Musoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye kueleza jambo mpaka liishe. "Siyo ugonjwa, mama," alisema. "Watoto wengi wa umri huu unyayo unakuwa bado umelala, na wengi unapinda wenyewe wakikua. Ila huyu anaumia, kwa hiyo tumsaidie na kiatu." Akatoa kiatu cha zamani chini ya meza, akanionyesha. Nyuma kiwe kigumu, ukikiminya kisibonyee. Kikunjike kwenye vidole, siyo katikati. Kiwe na kamba au mkanda wa kufunga. Mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, basi. "Na usimnunulie kikubwa. Kisigino kikicheza, kiatu hakimshiki, inakuwa kazi bure."

Niliitikia kila neno. Ningeweza kumrudishia somo lote bila kukosea.

Sokoni tulimkuta mzee mmoja wa kofia ya kufuma, muuza viatu vya mitumba, ameketi anavisugua kwa brashi. Nilimweleza shida yetu, naye alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Alichomoa buti fupi za ngozi, rangi ya kahawia, nyuma imara. Tulimvisha mtoto. Dole gumba langu likaenea mbele sawasawa. Akatembea juu ya turubai, akageuka, akacheka. Ilibaki kulipa tu na kuondoka. Lakini kwenye rundo niliona nyingine za aina ile ile, namba mbili zaidi, kwa bei ile ile.

"Hizi zitamfikisha darasa la kwanza," nilisema.

Mzee alimvisha, akashika mguu wa mtoto nyuma. "Mama, kisigino kinacheza. Chukua zile ndogo. Akikua utarudi, mimi nipo hapa hapa."

"Nitajaza kitambaa mbele. Mimi ni fundi, baba." Nikamgeukia mtoto. "Vinakutosha?"

Alinitazama usoni kidogo. "Vinatosha, mama."

Nyumbani Nyasura, mtaa wetu hapa Bunda, nilijaza vipande vya kitambaa cha bluu vilivyobaki kwenye sare. Nilijisifu kwa kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu. Mtoto hakulalamika hata siku moja, asubuhi wala jioni, na kimya chake nilikihesabu kuwa ni kupona.

Wiki ya tatu au ya nne nilipeleka sare shuleni, saa ile watoto wa awali wanatoka. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa nyuma ya wenzake wote, peku juu ya kokoto, buti zimefungwa kamba pamoja zinaning'inia shingoni. Aliponiona hakunikimbilia. Alikaa chini palepale, akaanza kuhangaika na kamba. Kisigino cha kulia kilikuwa kimechunika, kidonda kibichi.

"Navaa, mama. Sijachoka. Navaa sasa hivi," alisema. "Usiniache."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, jua kali, watu wananiuliza kulikoni, nami nakaza mwendo. Nilikuwa na hasira kama kawaida yangu, ila safari hii haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia. Nilijichukia. Usiku na mchana nilisikia lile neno lake, na jiwe la Butiama nililiona kila nilipofumba macho.

Kidonda kilipokauka tulirudi Musoma. Zile buti ndogo zilikuwa zimeshanunuliwa. Mzee hakunikumbusha aliyoniambia; afadhali angenigombeza. Alitafuta, akapata nyeusi za mkanda, akazijaribu kwa kuziminya na kuzikunja, akamvisha mtoto.

"Vinakutosha?" niliuliza, kwa sauti ya upole kuliko zote nilizo nazo.

Akanitazama usoni kwanza. Alikuwa anatafuta jibu langu ili anirudishie.

Niliinuka nikasogea mbali kidogo, nikawapa mgongo, nikajifanya natazama mikoba ya jirani. Nikamsikia mzee akiuliza, "Enhe, mjukuu wangu, humo ndani pakoje?"

Kisha nikasikia sauti ya mtoto, ya chini sana.

"Hiki kinaniuma hapa, babu. Ila usimwambie mama."