Mtani Alipomlilia Mama Akiwa Hai

Wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza, askari walimchukua baba kwenda kubeba mizigo. Wenzake wawili walirudi bila yeye. Tangu hapo mama alijilaza kwenye ngozi yake ya kulalia ndani ya tembe, akageukia ukuta, akakataa chakula. Mimi, binti yake mkubwa, nilimpikia uji wa uwele, ukapoa mpaka ukaganda. Niliogopa kupita kiasi. Kila nilipotoka kuchota maji nilirudi mbio, nikasimama kwanza mlangoni kusikiliza kama bado anapumua.

Baba hakutajwa. Shangazi zangu walikuja, wakanong'ona, wakaondoka, nami nilitamani kuwatimua kwa fimbo, maana huruma yao ilizidi kunitia hofu.

Ndipo akaja mtani wetu, mwanamke wa Kinyamwezi aliyeolewa na fundi wa reli kule stesheni. Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara: tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na kukasirika ni mwiko. Lakini utani mkali kabisa ni wa msibani, ambako mtani hujilaza kama maiti na kudai mali ya marehemu. Huyu hakupiga hodi. Aliingia na yowe, akajitupa chini kando ya mama.

"Uuwi! Mgogo wangu amekufa! Kibuyu hiki changu! Mbuzi wote wangu!"

Nani humlilia mtu aliye hai? Nilimvuta mkono atoke, akanisukuma.

"Mlizoea kutucheka Wanyamwezi, eti punda wa misafara," alimwambia mama. "Haya, leo aliyebeba mzigo ni nani?"

Nilifumba macho. Nilikuwa na hakika neno hilo litammaliza.

Kisha nikasikia sauti ya mama, imekauka.

"Yule? Hata kuni hajawahi kunibebea. Wadachi wamekula hasara."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, akakohoa, akalia, akacheka tena huku ameshika mbavu. "Weka kibuyu changu chini, mwizi we," akasema, halafu akaomba uji.

Baadaye mtani huyo akawa anakuja kila asubuhi kumtukana mama, na mama akawa anakula ili apate nguvu za kumjibu. Sisi nasi tulicheka mpaka tukasahau kidogo kuogopa.

Lakini siku ile ya kwanza nilimfuata nje, nikamkuta ameegemea ukuta, jasho linamtiririka.

"Ahsante, mama. Umetuponyea mgonjwa."

"Usinishukuru, mwanangu. Utani ule sijawahi kumfanyia mtu anayepumua. Asingecheka, ningekuwa nimemzika kwa mdomo wangu."

Nilimletea maji. Nikamshikia kata mpaka alipomaliza kunywa.