Pakiti iliyomkimbiza Deo

Leo nimeachwa kwa sababu ya pakiti ya kondomu ambayo hata haijafunguliwa.

Ngoja niwaeleze.

Asubuhi niliingia duka la dawa hapa Kibaoni. Muuzaji ni mama wa jumuiya yetu, kila Jumamosi tunasali naye.
Nikamwamkia shikamoo. Na ukishasema shikamoo, neno kondomu linagoma kutoka.
Nikaomba dawa ya kichwa.

"Kichwa tu, mwanangu?"

Nikanyoosha kidole kwenye rafu. Akanifungia pakiti kwenye gazeti, akasema taratibu, "Umefanya vizuri."

Nikajua kazi ngumu imeisha. Wapi.

Mchana mpenzi wangu Deo akaja kutoka Lumemo. Nimepika wali na perege. Nikamwonyesha pakiti.

"Umenunua wewe?"
"Ndiyo."
"Kumbe mzoefu."

Nikamuuliza yeye amekuja na nini. Akasema mtu hatumii hizo na mke wake.
Mke. Hata barua ya posa kwetu hajaleta.

Akavaa viatu, akaondoka. Wali hajaugusa.

Nikampigia dada. Kaniambia vitu hivyo anaachiwa mwanaume, mimi nimejidhalilisha.

Haya, nyie mngefanyaje? Semeni tu, leo sina wa kuongea naye.

Aliyeniambia nimefanya vizuri ni yule mama peke yake. Na Jumamosi tutakaa mkeka mmoja kusali, mimi na yeye, kila mtu akijifanya hatukuonana.