Mkono Mchungu wa Baba

Juzi hapa Lizaboni mjukuu wangu alijipaka shubiri kifuani ili amwachishe mwanawe ziwa. Mtoto alionja, akakunja uso, akaniangalia mimi. Nikamkumbuka baba.

Baba alilima tumbaku, na kijiji kizima hakuna aliyemshinda kazi, hilo nasema wazi. Wakati wa kuchuma majani alitoka alfajiri, akarudi saa tisa mchana, mgongo umepinda, nguo zinanuka moshi wa kukaushia. Siku moja alijibwaga kwenye kigoda, akanipakata, akamega ugali, akachovya kwenye majani ya maboga, akanilisha kama kawaida yake. Ulikuwa mchungu kama dawa. Nikautema.

Wiki ileile mama alikuwa amemwachisha mdogo wangu ziwa kwa kujipaka majani machungu. Basi nikajua baba naye ananiachisha, hanitaki tena mapajani mwake. Nililia mpaka majirani wakachungulia.

"We Skola, nani kakupiga?" mama akauliza.

"Baba ananiachisha! Kajipaka uchungu mkononi!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Huo ni ulimbo wa tumbaku, mjinga we! Umemganda baba yako, hautoki hata kwa majivu."

Baba hakucheka. Aliangalia viganja vyake vyeusi kwa muda mrefu, akakilamba kimoja polepole, kisha akalamba tena.

"Mbona mimi sisikii uchungu wowote?" akasema.